Sahihi ya Bi Tuma na Sufuria Mbili

Nitalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu, maana Kisauni hii habari hailali ndani ya nyumba moja. Mimi, Fatuma Juma, Bi Tuma mpishi, nilitia sahihi karatasi ya kutaka mwanangu wa kumzaa atolewe darasani, tena nikawa wa kwanza, na mbele ya jina langu nikaahidi kwa mwandiko wangu kuleta sufuria mbili. Chekeni. Mimi mwenyewe hucheka, na siku nyingine hulia, inategemea nimekumbuka sehemu gani.

Lazima mjue kwanza kwamba sijui kusoma. (Haya, nimeshasema, na paa halijaanguka.) Si kwamba sikupelekwa shule, nilikaa mpaka darasa la tano, lakini miaka yote hiyo herufi zilikuwa zikinikimbia kwenye ukurasa, nikiishika hii ile imeshaondoka, na mwalimu wetu wa wakati huo, Mungu amlipe anachostahili, dawa yake ilikuwa moja tu, fimbo, na fimbo ilipomshinda akaniweka nyuma kabisa karibu na mlango ili iwe rahisi kuniagiza maji ya walimu. Nikawa hodari wa kubeba maji. Huo ndio usomi wangu.

Nilipotoka hapo nikaingia jikoni, na jikoni hakuna anayekuuliza herufi. Pilau ya watu mia tatu naipima kwa kichwa na haijapata kunitia aibu. Kuandika najua vitu vitatu: jina langu, nambari, na neno "sufuria", ambalo nililinakili kama mtu anayechora ua, kwa sababu mtaani kwetu jirani akifiwa au akioza hupitishwa karatasi, kila mtu aandike jina lake na mbele yake chombo atakachotoa, huyu majamvi, yule sahani, na mimi siku zote ni sufuria. Kwa karatasi nyingine zote za dunia nilikuwa na jibu moja: "Nimeacha miwani nyumbani." Na msidhani macho yangu ni mabovu. Miwani yenyewe niliinunua kwa mchuuzi pale Kongowea makusudi, ili niwe na kitu cha kusahau.

Sasa, mwanangu Rukia ana miaka kumi, yuko gredi ya nne, na herufi humkimbia vilevile. Miaka mitatu walimu walimwandikia "mzembe" kwenye ripoti, miaka mitatu nikamkaripia kwa neno nisiloweza hata kulisoma, mpaka mwaka huu alipopata Mwalimu Dzame. Huyu ni msichana wa Kaloleni, mwembamba, sauti ndogo, ukimwona utadhani bado mwanafunzi. Hakumwita Rukia mzembe hata siku moja. Alimsomea maswali kwa mdomo naye akajibu kwa mdomo, akampa maandishi makubwa na muda mrefu kuliko wenzake, kisha akaniita akanieleza kwamba hali hiyo ina jina la kitaalamu (refu, nimelisahau) na kwamba si ujinga, ni akili inayosoma kwa njia yake. Nilitikisa kichwa kama mtu asiyehusika. Lakini tangu muhula huo Rukia aliacha kuumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi, na mwezi uliofuata nikamsikia chumbani akisoma peke yake, silabi moja moja, pole pole, na mimi nikasimama nyuma ya pazia na mwiko mkononi mpaka vitunguu vikaungua.

Darasani humo wako na wengine watatu wanaohitaji kufundishwa kwa namna yao: mmoja hasemi na akisikia kengele huziba masikio, mmoja hasikii vizuri, na mmoja hawezi kukaa kitako dakika tano. Mwalimu Dzame huwafundisha pamoja na wenzao, na kazi inakwenda. Mwalimu mkuu naye amepaka ukuta wa mbele maneno makubwa ya rangi ya bluu, nimeambiwa yanasema kila mtoto ana nafasi, na kila mgeni akija hupigwa picha mbele yake. Kupaka rangi hakumgharimu mtu kitu.

Aliyegharimika, kwa maoni yake, ni Bwana Athmani. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi hapo barabarani, ni mwenyekiti wa wazazi wa gredi ya nne, na hutembea na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati (sijapata kumwona akitumia zaidi ya moja). Binti yake Najma alipungukiwa alama chache za hesabu, basi baba mtu badala ya kukaa na mtoto wake akaketi na hasira zake, akaamua kwamba wanaomrudisha Najma nyuma ni "wale wanne". Ndivyo alivyowaita, hata majina hakuwapa. Mimi hayo yote sikuyajua, kwa sababu yalikuwa yakizungumzwa kwa maandishi kwenye kikundi cha wazazi cha simu, na mimi humo nilikuwa nikiona herufi nyingi natuma mikono miwili ya dua, nikiona herufi chache natuma dole gumba.

Basi Alhamisi moja nilikuwa Mwandoni kwenye nyumba ya harusi, nimekaa juu ya kibao, gunia la vitunguu mbele yangu, macho yanachuruzika machozi, nikamwona Bwana Athmani anaingia uani na jalada mkononi. Tukasalimiana, akaulizia afya, akasifu harufu, kisha akanifungulia jalada.

"Bi Tuma, nimeanza na wewe kwa heshima. Soma hapa, ukiridhika utie jina."

Nikatazama. Juu maneno mengi, chini mistari iliyogawanywa, upande huu nafasi ya jina, upande ule nafasi tupu. Na wiki hiyo mtaani tulikuwa tukingojea arubaini ya Mzee Bakari, jirani yetu. Kichwa changu kikafanya hesabu yake: mistari, nafasi ya jina, nafasi ya chombo, hii ni karatasi ya hitima.

"Miwani nimeacha nyumbani," nikasema, kwa mazoea tu.

"Basi ngoja nikusomee, ni maneno machache."

Hapa ndipo, jamani. Mtu amejitolea mwenyewe kunisomea, bila kuombwa, bila kunidharau, lakini kulikuwa na wanawake sita hapo uani wanamenya vitunguu, na wawili kati yao nilisoma nao darasa moja na wanaikumbuka ile ndoo ya maji. Nikaona haya. Nikamwambia, "La, la, yakhe, huku karibu naona vizuri," nikalishika jalada, nikayapeleka macho kushoto kulia, kushoto kulia, mstari kwa mstari (naijua kasi yake, nimewatazama watu wakisoma maisha yangu yote), mahali pamoja nikaguna kama mtu aliyeguswa, mwisho nikasema:

"Mmeandika vizuri. Maneno ya busara kabisa."

Bwana Athmani alinitazama kwa mshangao. "Kusema kweli, Bi Tuma, sikutarajia. Nilijua wewe ndiye utakayekuwa mgumu."

"Mimi? Kwa jambo la kheri kama hili?"

Nikaandika jina langu mstari wa kwanza, na kwenye ile nafasi tupu, ambayo baadaye nilielezwa ilikuwa ya nambari ya simu, nikaandika sufuria 2. Nikalifunga jalada kwa mkono wangu wa vitunguu nikamrudishia, naye akaondoka mbio kama mtu aliyeokota dhahabu. Ijumaa yote lile jalada likakaa kwenye kaunta ya duka lake, apitaye mzazi akaonyeshwa na kijana wa dukani, apitaye akaandika. Usiku kikundi cha simu kikajaa maandishi, marefu kweli, na mimi nikatuma mikono ya dua na lile ua lenye "Mashallah".

Jumamosi asubuhi nikakodi tuktuk nikapakia sufuria mbili kubwa nikazipeleka kwa mjane wa Mzee Bakari kabla ya kwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni, uliokuwa siku hiyo hiyo. Bi Zuhura, ndiye mjane, akatoka na mtandio wake akanitazama mimi, akatazama sufuria.

"Tuma, mbona hivi? Wanawe wameamua hitima isomwe msikitini, tende na kahawa basi. Hatupiki."

"Na karatasi?"

"Karatasi gani? Sisi hatukupitisha karatasi."

Mtu mwenye akili angelirudi nyumbani, angelimtafuta mtu wa kumsomea zile habari za kwenye simu. Mimi nikajiambia bila shaka Bi Zuhura amechanganyikiwa kwa msiba, maskini, nikarudi ndani ya tuktuk na sufuria zangu nikaenda mkutanoni. Zilipoteremshwa pale shuleni ziligongana mlangoni kwa kishindo, wazazi wote wakageuka, nami nikapita katikati yao na buibui langu jipya mpaka safu ya mbele. Gredi ya nne wenyewe walikuwa wamekalishwa kwenye majamvi mbele yetu, kwa kuwa walikuwa na ngonjera ya kutukaribisha. Rukia alinipungia mkono.

Ngonjera ikaisha, tukapiga makofi, na watoto wakaachwa papo hapo kwenye majamvi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwatoa. Bwana Athmani akasimama, akakohoa, akafungua jalada. Akasoma kwamba sisi wazazi wa gredi ya nne, baada ya kutafakari, tunaiomba shule iwaondoe darasani watoto wanne wasioweza kwenda sawa na wenzao, watafutiwe shule zao maalumu, na Mwalimu Dzame afundishe watoto "wanaofundishika".

Wanaofundishika! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nikasimama kabla hata sijajua kwamba nimesimama. Mwalimu Dzame alikuwa kando ya ubao, kichwa chini, mwalimu mkuu anachezea funguo zake, na mimi nikapaza sauti ile ninayotumia kuwafukuza watoto jikoni.

"Nani katia sahihi hiyo? Hebu watajwe! Niwaone kwa macho hao wasio na haya, wanaokaa kuandika watoto wa wenzao kama mizigo ya kurudishwa gati! Wallahi aliyetia jina lake hapo hana huruma, hana akili, na hata kusoma hajui!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga makofi kwa nguvu kabisa, na nitawakumbusha baadaye.

Bwana Athmani akapigwa na butwaa, kisha akainamia karatasi. "Bi Tuma, unanishangaza. Majina nayasoma. La kwanza, Fatuma Juma, sufuria mbili."

"Sufuria mbili?" akauliza mwalimu mkuu.

"Ndivyo ilivyoandikwa." Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, na mtu wa aina yake akianza orodha hawezi kuiacha, akaendelea kabla akili haijamfikia. "La pili, Mama Mwaka, majamvi matatu. La tatu, Hamisi Lewa, viti ishirini. La nne, Mama Neema, sahani arubaini na... na birika."

Kicheko kilichotoka hapo mlikisikia Nyali. Mtu nyuma akapiga kelele, "Na kweli kazileta, hizo hapo mlangoni!" Watu wakageuka kuzitazama sufuria zangu, wakarudi kunitazama mimi, wakaanza upya. Mwalimu mkuu akauliza kama ile ni barua ya wazazi au ya pilau. Nikaelewa yote kwa mara moja, kuanzia uani mpaka pale. Nikamtazama Rukia. Watoto wenzake walikuwa wakicheka kwa kuwa wakubwa wanacheka, yeye hakuwa akicheka.

Ningelinusurika hapo, nakwambieni. Kicheko kingeliimaliza ile karatasi, tungelikwenda nyumbani. Lakini Bwana Athmani hakukubali kuchekwa bure. Akainua mkono.

"Haya ya vyombo ni mzaha wa mwenyewe, na wengine wamemfuata. Lakini maneno ya juu hayana mzaha. Bi Tuma aliyasoma mbele yangu, Alhamisi, mstari kwa mstari. Akasema ni maneno ya busara. Ninao mashahidi. Wazazi, huyu ni mama wa mmoja wa hao wanne! Ikiwa mama mwenyewe ameridhia, nani wa kukataa?"

Kicheko kikakatika. Mwalimu mkuu akaweka funguo mfukoni na kusema, kwa ile sauti yake ya kupima upepo, "Kwa kweli, kama mzazi mwenyewe ameridhia kwa maandishi..." Na Mwalimu Dzame akainua kichwa akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Ningependelea hasira.

"Sikuandika mimi," nikasema. (Naam, bado nilikuwa nasema uongo, hata hapo.)

"Mwandiko si wako?"

"Wangu, lakini... siku ile sikuwa na miwani."

"Ulisema waona vizuri karibu. Haya," akavua miwani yake akaniletea mpaka nilipo, pamoja na jalada. "Miwani hii. Karatasi hii. Soma kwa sauti, watu wakusikie, useme ni neno gani ulilokosea."

Nikaivaa. Sijui kwa nini niliivaa. Ile karatasi ikawa ukungu mtupu, na nyuma yake watu wote, wale niliowapikia harusi zao na za watoto wao, wananingoja. Na katika ukungu ule nilijua kitu kimoja waziwazi: kama nilisoma, basi Rukia anatoka. Kama sikujua kusoma, anabaki. Hapakuwa na njia ya tatu, na mimi miaka yangu yote nimeishi kwenye njia ya tatu.

"Sijui kusoma," nikasema.

"Wasemaje?" akauliza mtu nyuma.

Nikaivua miwani. "Sijui kusoma! Sijawahi kujua. Alhamisi nilijifanya. Niliona haya mbele ya watu, nikadhani ni karatasi ya hitima ya Mzee Bakari, nikatia jina. Sasa mmesikia wote?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Dzame akaja, akachukua lile jalada mkononi mwangu, akasimama kando yangu na kunisomea, pole pole, kwa ile sauti yake ndogo, sentensi moja moja, na kila sentensi akinyamaza kidogo ili niishike, kama anavyomsomea Rukia. Alipomaliza akauliza, "Bi Tuma, unakubaliana nayo?"

"Sikubaliani hata na nukta yake."

Akanipa kalamu nikalikata jina langu. Kisha nikawageukia wenzangu, kwa kuwa haya yangu ilikuwa imeshakwisha yote na nilikuwa na nafasi ya hasira. "Mimi herufi zilinishinda. Wewe Hamisi Lewa, wewe si karani? Viti ishirini vya nini? Mama Neema, wewe si ndiye unayesoma matangazo kanisani kila Jumapili? Birika la nini? Mnajua kusoma na hamkusoma! Mmeona sufuria mbili za Bi Tuma mkafuata harufu!"

Karani Lewa akaona kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Mama Mwaka akaja wa kwanza kukata jina lake, akinung'unika kwamba alikuwa na haraka, kisha wakafuata wengine kwa mstari, kila mmoja na udhuru wake, mara mwanga ulikuwa mdogo dukani, mara kijana wa dukani alimharakisha. Karatasi ikabaki na Bwana Athmani na wawili wengine, na hao kwa kweli walikuwa wameisoma, wakaona ni sawa. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba barua haina nguvu na kwamba yeye tangu awali alikuwa upande wa watoto wote. Akaomba tupige picha pale ukutani. Sikwenda.

Tulirudi nyumbani kwa miguu mimi na Rukia, sufuria nikaziacha huko huko. Nilijua atauliza kama nilitaka atolewe, na nilikuwa nimeshalipanga jibu langu, refu, zuri. Tulipofika kwenye kona ya msikiti nikamwita.

"Rukia."

"Abee, mama."

"Una neno?"

Akatembea hatua kadhaa. "Hata wewe zinakukimbia?"

"Tangu mdogo. Mpaka leo."

Akasimama. Alikuwa akilia, na mimi nilidhani analia kwa aibu ya mama yake, mpaka aliposema, "Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Jibu langu zuri halikuwa la swali hilo. Nilimcheka Athmani, nikamcheka mwalimu mkuu na rangi yake ya bluu, nikawasuta wazazi wote mbele ya watoto wao, na huku nyumbani kwangu kulikuwa na mtoto anayejiona mjinga wa dunia, anakula sahani moja na mtu wa pili kama yeye, na huyo wa pili alikuwa akimwita mzembe. Hakuna mzazi kwenye karatasi ile aliyemfanyia Rukia ubaya mkubwa kuliko huo.

Basi nimeapa. Karatasi yoyote ikija, iwe ya maji, ya shule au ya harusi, namwambia aliyeileta mbele ya aliyepo, "Mimi sijui kusoma, nisomee," na akisoma haraka namrudisha mwanzo. Wiki iliyopita mmoja aliguna, akatazama saa yake, akaniuliza kama sina mtu nyumbani wa kunisomea. Nikamwambia ninaye, yuko gredi ya nne, lakini leo ana kazi yake ya shule, kwa hiyo soma wewe.